Habari za Jumapili kutoka Murara

Desemba iliyopita vijana watatu walikuja kunitafuta nyumbani. Walikuwa wamevaa vizuri, wamebeba keki ndani ya mfuko wa karatasi, na mkubwa wao, kijana mwenye miwani, aliniita "Mama Secrétaire" kabla sijamuuliza hata jina lake. Alisema wanataka kufufua kilabu cha redio cha Goma. Chombo wameshapata, mlingoti wa antena umeshasimamishwa, na Jumapili kabla ya Noeli wataanza kusoma hewani habari za kilabu kama zamani: nani amezungumza na nchi gani ya mbali, nani amepata kadi kutoka wapi. Mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba zamani habari hizo zilisomwa na msichana, na kwamba msichana huyo ni mimi. "Mama, utatusomea kidogo tu," akasema. "Ni dakika tano." Nikamwambia hapana. Akacheka, akidhani ninajivuta ili nibembelezwe. "Basi hata dakika tatu." Nikasema hapana mara ya pili, na nadhani sauti yangu ilibadilika, kwa sababu wenzake waliacha kutafuna. Nikawapa chai nyingine. Waliuliza wazee wa kilabu wako wapi, nikajibu kwamba wamekwisha kufa wote: Papa Paluku aliyekuwa mwenyekiti, Papa Kasereka mfanyabiashara, na Papa Bonaventure fundi, aliyezikwa Rutshuru. Walitikisa vichwa kwa heshima. Hawakuuliza zaidi, nami sikuwaambia. Ninayoandika hapa ndiyo ambayo sikuwaambia.

Mwaka ule niliosoma habari hizo nilikuwa na miaka kumi na tisa, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Mtu aliyetaka kuongea na ndugu yake wa Butembo au Beni alituma barua na dereva, au alikwenda kwa wenye foni, yaani chombo cha redio cha kusema na kusikia mbali, kama walivyokuwa nacho mapadri na wafanyabiashara wachache. Kilabu chetu nacho kilikuwa na foni moja, tuliyoachiwa na mwalimu mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao, pamoja na kibali chenye mihuri mingi kilichotundikwa ukutani. Chumba kilikuwa mtaa wa Murara, hapa Goma, nyuma ya karakana ya seremala. Kuta zilikuwa za mbao, na unga wa randa ulipenya kwenye nyufa ukatua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Chini ya meza kulikuwa na batri ya gari. Juu yake kilikaa chombo chenyewe, cha chuma cha kijivu, na ukutani ramani ya dunia iliyochomwa pini kila mahali tulipowahi kusikika. Jumapili baada ya misa mke wa Papa Paluku alituma bakuli la sambaza, vidagaa vya ziwani, za kukaanga na mandazi ndani ya kitambaa, nasi tulikula tukingoja hewa itulie. Papa Paluku alikata vichwa vya sambaza na kuvipanga pembeni mwa sahani. Papa Kasereka alikula huku akizungumza, na makombo yakaruka. Papa Bonaventure alikula kimya, mgongo ukutani, uso mlangoni, kisha akajifuta vidole kimoja kimoja kabla ya kugusa chombo. Miezi kumi na moja niliona mtu msafi tu anayependa kuheshimu kazi yake. Mwezi wa kumi na mbili nilianza kujiuliza kwa nini mtu hula akiangalia mlango.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Nilikuwa nimesoma dactylo, yaani kupiga taipu, Kifaransa changu kilieleweka, na Papa Paluku alisema sauti ya mwanamke hupita vizuri zaidi katikati ya kelele za hewani. Niliandika katika daftari kila mtu tuliyemsikia, saa na nchi, na Jumapili saa tano niliketi mbele ya mikro kusoma habari za kilabu. Waliotusikiliza walikuwa marafiki: kilabu kidogo cha Butembo, misheni ya Beni, wafanyabiashara wenye foni huku na huku. Redio ya kawaida ya nyumbani haikuweza kutuelewa. Ikitupata, ilitoa sauti kama ya bata aliyekabwa shingo. Sisi wote tuliliamini jambo hilo jinsi mtu anavyoamini kwamba amefunga mlango.

Desemba ulikuwa mwezi wetu mkubwa. Watu wa redio duniani kote hukaa nyumbani siku zile na kutafutana, na alasiri hewa ikifunguka tulisikia sauti zikija zikipanda na kushuka kama mtu anayeongea huku anabembea. Nakumbuka alasiri moja Bonaventure alimnasa mzee wa Finland. Aligeuza kifundo polepole, kichwa kimeinama, na ghafla kelele zikapasuka ikatoka sauti ya mtu, safi kabisa, akisema Kifaransa kibovu kuliko changu. Alisema theluji imefika kwenye dirisha lake na jua halijaonekana wiki nzima. Bonaventure alimwambia kwamba huku mvua imekatika asubuhi na watoto wanacheza nje bila viatu. Kisha akanipa mikro. "Mwambie Noeli njema kwa Kiswahili," akasema. "Atafurahi." Nikasema. Yule mzee akajaribu kurudia, akashindwa, akacheka, na sisi wanne tukacheka naye, mikono ya Kasereka ikipiga meza. Nilichoma pini mimi mwenyewe kule juu kwenye ramani. Katika maisha yangu nimefurahi mara nyingi, lakini ile furaha ya kusikika na mtu ambaye hatakuona kamwe sijaipata tena mahali pengine.

Labda ndiyo iliyonilevya. Habari za nchi za mbali ziliwapendeza wanakilabu, lakini niligundua kwamba watu wa Butembo walipenda zaidi habari zetu wenyewe. Nikaanza kuongeza mwishoni: nani amepata mtoto, nani anaumwa meno, nani atapanda kwenda nyumbani kwa Noeli. Majibu yalikuja siku hiyo hiyo, watu wakicheka kwenye foni, wakinisalimia "mutoto wa Murara". Papa Kasereka alisema mama yake mzee huletwa kwa kiti hadi kilabu cha Butembo kila Jumapili ili asikie jina la mwanawe likitoka ndani ya sanduku. "Nisome na mimi, Kavira," aliniomba Jumapili ya tatu ya Desemba, akilamba chumvi ya sambaza vidoleni. "Mama ajue ninakuja." Nikamsoma. Nakumbuka kila neno, maana nililitunga kwa uangalifu ili lipendeze: Papa Kasereka wetu anapanda Butembo Jumanne hii, asubuhi mapema, na camionnette yake ya kijani iliyojaa vitenge vya Noeli, kwa hiyo mama aanze kupika. Wote chumbani walicheka. Bonaventure hakucheka, lakini yeye hakuwa mtu wa kucheka sana, na wakati ule sikuliandika hilo moyoni. Niliandika baadaye.

Jumanne alasiri seremala alikuja mlangoni, msumeno bado mkononi, akasema Papa Kasereka ameshambuliwa njiani, kupita Rutshuru, pale msitu unapokaribia barabara. Vitenge vyote vimechukuliwa. Dereva wake amekatwa mkono kwa panga, vidole vitatu vimekwenda. Kasereka mwenyewe amevunjwa mguu kwa kitako cha bunduki na analetwa Goma juu ya magodoro ya mfanyabiashara mwingine. Nilikwenda hospitalini na Papa Paluku siku iliyofuata. Kasereka, mtu wa makombo na vicheko, alikuwa amelala akitazama dari, uso wake umevimba upande mmoja. Mke wake alikuwa amemletea uji, umepoa, una ngozi juu. Kasereka hakututazama alipoanza kusema.

"Waliniita kwa jina," akasema. "'Kasereka, shuka.' Mbele yetu kulipita camion mbili za mizigo, wakaziacha zipite. Walikuwa wananingoja mimi."

Papa Paluku aliuliza kama aliwatambua.

"Hapana. Lakini wao walinitambua. Walijua ata mizigo ni vitenge." Ndipo akageuza kichwa na kunitazama, kisha akamtazama Paluku, kwa muda ule ule, kama mtu anayepima viazi. "Nani alijua siku yangu ya safari?"

Ukiacha wa nyumbani kwake na marafiki wa foni, jibu lilikuwa watu wanne: dereva, Bonaventure, na sisi wawili tuliosimama kando ya kitanda chake.

Siku mbili baadaye nilifika mapema Murara kufagia, nikasikia sauti ya Papa Paluku upande wa karakana, ng'ambo ya ubao. Alikuwa na mtu mmoja wa ukoo wa Kasereka. Nilisimama na ufagio. Leo nikiona mtu amesimama karibu na ukuta bila kazi, najua anafanya nini. "Ni mutu wa ndani," alisema yule mgeni. "Lazima." Paluku akasema labda dereva alilewa akasema ovyo. "Dereva asiye na vidole? Bonaventure ni wa kule Rutshuru. Ndugu yake anafanya kazi kwenye ile barabara. Wewe hujiulizi?" Nikasikia randa ikipita juu ya mbao mara mbili, tatu. Kisha yule mgeni akauliza, "Na yule binti?" "Kavira?" Paluku akasema. "Kavira ni mutoto wetu." Basi, ikaishia hapo. Sikutajwa tena. Ningependa kuandika kwamba nilikasirika kwa kusikia mtu mmoja akiachwa kwa sababu ya kwao na mwingine akishikwa kwa sababu ya kwao. Sikukasirika. Niliona nafuu, na nikaendelea kufagia taratibu wasisikie.

Noeli ile tulikutana chumbani kama desturi, watatu tu, kwa sababu mwenyekiti alisema tusipoonekana hewani watu watauliza. Sambaza zilikuwepo, mandazi yalikuwepo, hakuna aliyekula. Alasiri tulimpata kijana wa Japani, halafu mama mmoja wa Brazili aliyetuimbia beti nzima. Kila mmoja wetu alishika mikro kwa zamu. Kidole kikiwa kwenye kitufe tulikuwa watu wa furaha, tunatuma baraka, tunasimulia ziwa na volkano. Kidole kikiachia, nyuso zilifungwa. Paluku alimtazama Bonaventure akiandika saa ya mawasiliano. Bonaventure alinitazama nikimtazama. Nami nilikuwa nikihesabu ndani yangu: hakucheka ile Jumapili, hula akiangalia mlango, alikuwa amechelewa misa, mkoba wake wa vifaa hakuuacha hata siku moja. Kila kitu alichokuwa amekifanya mwaka mzima kiligeuka na kunionyesha upande wa pili. Alipotoka kwenda chooni alichukua mkoba. Paluku akaniuliza kwa sauti ndogo, "Unaona?" Nikasema, "Ninaona, papa."

Siku ya tatu baada ya Noeli nilikwenda mtaa wa Katindo kwenye karakana ya Bonaventure. Nilibeba pasi ya umeme iliyokufa, kisingizio changu. Chumba kilikuwa kidogo, redio zimepangwa hadi darini, nyingine matumbo wazi, kukiwa na harufu ya risasi ya kuchomea na ya maharage yaliyokuwa yakichemka upande wa nyuma. Mke wake, Mama Espérance, alinipa kiti. Bonaventure alichukua pasi, akaifungua, akaenda nyuma kutafuta waya. Kwenye meza palikuwa na daftari dogo lenye jalada jekundu. Nililifungua. Niliona majina ya mahali, yote ya barabara ile: Rumangabo, Rutshuru, Kiwanja. Kando ya kila mahali palikuwa na jina la mtu, tarehe za Jumapili, saa, na nambari, tatu, nne, tano, mbili. Kwenye Jumapili niliyosoma safari ya Kasereka, Kiwanja ilikuwa na tano, imepigiwa mstari. Nililifunga. Alipokuja na waya alikuta mikono yangu mapajani, lakini daftari lilikuwa limekaa mshazari, naye akalinyoosha kwa kidole bila kusema neno. Akatengeneza pasi. Alikataa malipo. Nilitembea kutoka Katindo hadi dukani kwa Papa Paluku bila kusimama, nikamwambia nilichokiona, jina kwa jina, nambari kwa nambari, kwa sauti yangu ile inayopita vizuri katikati ya kelele.

Kesho yake wanaume wawili wa usalama, wasio na sare, walimchukua Bonaventure. Walichukua na redio zote za wateja, na lile daftari. Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, ilipita. Tulikula mchele na nyama ya mbuzi kwa Papa Paluku, Kasereka amelazwa kwenye kochi na mguu wake mweupe wa plasta, na watu walinijaza sahani, wakisema Kavira ana akili, Kavira ana macho. Siku tisa hawakumwachia. Siku ya kumi nilisikia ametoka na amekwenda Rutshuru na mke wake, na karakana imefungwa kwa kufuli.

Mwishoni mwa Januari, alasiri moja niko peke yangu chumbani nikipiga barua kwa taipu, mwanamume mmoja aligonga. Alikuwa na viatu vya matope na redio kubwa ya kawaida kwapani, imefungwa kwa kamba ya mpira. Alisema ametoka Kiwanja, amekuta kwa fundi wake pamefungwa, majirani wakamwelekeza huku. Redio imeacha kusikia vizuri. Nikamwambia sisi hatutengenezi redio. Akanitazama, na uso wake wote ukachanua.

"Ni weye!" akasema. "Mademoiselle wa habari! Ile sauti!"

Nikamuuliza amenisikia wapi.

"Kwetu, sokoni. Kila Jumapili. Papa Bonaventure alituwekea kidude ndani, sasa foni inasema kama mutu, haisemi tena kama bata. Ninaweka redio juu ya meza, watu wanajaa. Tulicheka sana siku ile ya mama aanze kupika."

Nilimuuliza watu gani hujaa. "Watu," akasema. "Wauzaji, wapiga debe, madereva, wapita njia. Soko ni soko." Nikamuuliza kuhusu nambari, na nilijua jibu kabla hajamaliza. Fundi aliwapa wenye redio zile karatasi, waandike saa na jinsi sauti ilivyosikika, moja hadi tano. Aliwaomba wasimwambie mtu, hasa mwenyekiti wa kilabu, kwa sababu mwenyekiti aliuza dukani vipokezi vya bei kubwa kutoka ng'ambo na angechukia kusikia kuna fundi anayefanya kazi ile ile kwa kidude na waya. Yule bwana alikaa kwenye kiti cha Bonaventure, mgongo ukutani. Nikamletea maji. Mengine niliyamwaga juu ya daftari la kilabu.

Jioni ile ile nilimweleza Papa Paluku. Alinisikiliza akifunga milango ya duka, moja baada ya nyingine. Alipomaliza alisema polepole, kama mtu anayesoma kibali: "Kavira, sikiliza. Ukisema hii, watauliza nani alisoma. Watakuchukua weye. Kisha watauliza kilabu ni ya nani, watanichukua mimi. Bonaventure ametoka. Iko nyumbani kwake. Imekwisha." Nikauliza kuhusu Kasereka, si ana haki ya kujua? "Kasereka yeye mwenyewe alikuomba umusome," akasema Paluku. "Unataka kumupa na hiyo muzigo?" Sijui kama alinilinda au alijilinda, na hadi leo nikifikiria sauti yake naisikia mara hivi, mara vile. Nilinyamaza Februari, nilinyamaza Machi. Niliacha kusoma habari, nikasema koo linauma. Kilabu kilikufa chenyewe. Kasereka hakurudi, Paluku akauza batri, seremala akachukua chumba.

Wajukuu wangu leo hutangaza kila kitu kwenye simu zao. Tuko njiani, wanaandika, na picha ya gari, na jina la mahali, na watu mia wanabonyeza moyo. Nikiwagombeza wanasema bibi ana wasiwasi wa kizamani. Inawezekana. Wale waliomshambulia Kasereka hawakukamatwa kamwe. Huenda mmoja wao alikuwa amesimama sokoni Kiwanja siku ile akicheka pamoja na wengine. Huenda dereva kweli alisema ovyo, au Kasereka mwenyewe alijigamba kwenye baa, maana alikuwa mtu wa kujigamba. Nimemshuku kila mtu, waliokufa na walio hai, na mwisho wa orodha kila mara najikuta mimi na ile karatasi yangu iliyopigwa taipu vizuri.

Pasaka iliyofuata Noeli ile nilikwenda Rutshuru. Nilimkuta Bonaventure kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kwa ndugu yake. Chumbani hapakuwa na redio hata moja. Alikuwa amekonda, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia, mkono wa kuchomea, havikukunjika tena. Mama Espérance aliweka mezani maharage na viazi, chakula cha kutosha, chumvi ya kutosha, kisha akakaa kizingitini mwa mlango na hakuondoka. Sikugusa chakula. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja.

"Papa, ni mimi nilimwambia Papa Paluku juu ya daftari."

"Minajua."

"Na ile habari ya safari, ni mimi niliisoma."

"Nilikuwa pale. Nilikusikia."

"Basi juu ya nini hukuwaambia wale watu? Ungesema tu kwamba ilitangazwa."

Alisogeza sahani yake kwa mkono wa kushoto. "Niliwaambia, siku ya kwanza. Wakaniuliza: mutu wa barabarani anasikiaje foni? Sasa ningejibu nini? Nikisema kuna redio, ni mikono yangu iliyozitengeneza, na wangekwenda kuchukua wale wenye redio mmoja mmoja. Nikinyamaza, ni mimi vile vile. Nikanyamaza." Alisema bila hasira, kama fundi anayeeleza kwa nini chombo hakiwezi kupona. Kisha akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Mule ndani nilifanya hesabu. Nilisema: huyu mutoto anasoma siku, saa, rangi ya gari. Kisha anakuja kwangu na pasi, anafungua daftari langu. Nani anamutuma?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Miezi ile yote nilikuwa nimemshuku yeye, kisha nimejilaumu mimi, na haikunijia kwamba yeye aliketi gizani siku tisa akinishuku mimi, tena kwa sababu nzuri kuliko zangu.

"Hakuna aliyenituma, papa."

"Ndiyo."

"Naapa mbele ya Mungu."

"Usiape," akasema.

"Mwache ale," akasema Mama Espérance kutoka kizingitini, na sikujua anamwambia nani.

Nilikula. Maharage yalikuwa matamu na yalishuka kama mawe. Baadaye alinisindikiza hadi barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa, akanishikia mwavuli kwa ule mkono mzima ingawa mvua ilikuwa manyunyu tu. Aliniuliza habari za ramani, kama bado ipo ukutani. Nikamwambia Paluku ameishusha. Gari lilipokuwa linajaa nilimwambia watu wa Katindo wanamsubiri, kila mtu ana redio iliyokufa, na kwamba nimeongea na mwenye nyumba, anaweza kumfungulia hata kesho. Nilimwambia nitamfagilia karakana mimi mwenyewe kabla hajafika.

"Nitakuja," akasema.

"Siku gani, papa?"

Alitabasamu, tabasamu la adabu, lile ambalo fundi humpa mteja asiyemjua, na akatazama upande wa Goma. "Utaniona tu," akasema.

Alikuja Katindo mwezi uliofuata. Alikaa siku mbili, akafungua kufuli, akapakia vifaa vyake na redio chache alizorudishiwa, akawaaga majirani, akaondoka. Mimi nilisikia kwa mwanamke anayeuza mkaa kando ya karakana, wiki nzima baada ya yeye kuondoka.